Amana ya Usiku wa Arusi: Je, Yafaa Kuwapiga Picha Wachezao Gizani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jioni moja, tulipokwisha sali Magharibi, mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale alinifuata hadi nguzoni nilipokuwa nimekaa. Alikuwa ameishika simu yake mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto asiyejua pa kulitupa. Akasema, "Sheikh, tazama alilonifanyia mwanangu," akaninyooshea ile simu. Nikaurudisha mkono wake pole pole, nikamwambia, "Niambie kwa maneno, mzee wangu." Akanieleza kwamba binti yake alikwenda arusini, usiku wa kupamba, miongoni mwa wanawake wenzake. Taa zilipopunguzwa na ngoma ikakolea, naye alisimama akacheza kama walivyocheza wenziwe. Mmoja wa waliokuwapo akamchukua picha kwa simu. Baada ya siku tatu picha ile ilikuwa imefika kwa watu waliokuwa wamemposa.

Mzee akaniuliza, "Nimfanye nini mwanangu?" Nami nikamuuliza, "Na aliyepiga picha, amefanywa nini?" Akanyamaza. Hakuwa amefikiri kuuliza. Tangu habari ile ianze kuzunguka, kila mmoja alikuwa amemuuliza binti, na hapana hata mmoja aliyemuuliza mpigaji.

Swala hilo la mzee ndilo lililonifanya niandike haya, kwani twaona mambo kama haya yamezidi katika mji wetu, na watu wanayahukumu kinyume.

Sitaki msomaji anidhanie wema nisiokuwa nao kwa kuwa siku ile sikuitazama picha. Kabla ya hapo vijana wawili waliniletea picha za namna hiyo hiyo, za wanawake wakicheza chakacha katika ukumbi, wakaniambia, "Sheikh, uone munkari ulivyofikia." Nikatazama. Kisha nikakaa katika darsa nikawakemea wachezaji kwa ukali, nisiwataje hata kwa neno moja waliopiga picha, wala waliozisambaza, wala mimi niliyezitazama. Leo natubu kwa Mola wangu kwa hayo, na ninaona ni wajibu wangu kusema kwa uwazi kama nilivyokemea kwa uwazi.

Ngoma yenyewe si masala yetu leo. Kila ajuaye mji huu ajua ya kwamba arusi za Mombasa tangu zamani zina siku za wanawake peke yao. Bibi zetu walikuwa na lelemama na vugo, na vyama vyao vikishindana, kama Ibinaal Watan na Banu Saada. Wanavyuoni wa islahi walikemea israfu na mashindano ya mambo kama hayo, na kukemea huko kungali na haki yake. Lakini furaha ya arusi yenyewe dini haikuikataza. Imepokewa na Bukhari kwamba Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, alipompeleka mwanamke mmoja kwa mumewe wa Kiansari, Mtume aliuliza kama walikuwa na kitu cha kuchangamsha, kwa kuwa Maansari wapenda machangamko. Basi mipaka ya furaha ina mahali pake, nasi tutaizungumza siku nyingine inshallah. Leo twauliza jambo moja tu: mtu aliye ndani ya mkusanyiko ule, je, ana haki ya kuchukua sura ya mwenziwe na kutoka nayo?

Wala hatusemi kwamba kila picha ni haramu. Twajua khitilafu za wanavyuoni katika jambo hili. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala akaihalalisha picha ya kamera, akaona kuwa ni kukizuia kivuli alichokiumba Mungu, si kuumba mfano wake. Wengine hawakukubaliana naye. Lakini hata tukiifuata kauli yake, masala yetu hayajamalizika. Mtu akiulizwa, "Kisu hiki ni cha nani?" hajibu kwa kusema kwamba visu ni halali. Kivuli ni halali kukizuia, sawa. Lakini hiki ni kivuli cha nani, na nani aliyetoa idhini?

Sasa na tutazame jinsi mambo yalivyogeuka. Mama zetu hawakuikimbia kamera. Katikati ya karne ya 20 zilikuwako studio za picha hapa Mombasa, kama ile ya N. V. Parekh, na wako wanawake waliokwenda huko kupigwa picha. Lakini mwanamke alikwenda kwa miguu yake, amevaa nguo aliyoichagua, akakaa mbele ya taa zilizowashwa, akajua ni saa gani anapigwa, na picha akaichukua mwenyewe kwenda kuihifadhi kabatini. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013 juu ya picha katika pwani yetu, ameeleza vipi wanawake wa Kiislamu walivyojikinga na kamera kadiri picha zilivyozidi kutembea na kutoka mikononi mwao. Kinga hiyo si ushamba. Ni akili ya mtu aonaye kwamba kitu chake kinachukuliwa pasi na yeye kuulizwa.

Na zamani giza lenyewe lilikuwa mlinzi. Kamera yataka mwanga kama taa itakavyo mafuta. Mwanga ukipungua, mpiga picha ana njia tatu: aifungue zaidi tundu ya kioo ipitishayo mwanga, au aiache wazi kwa muda mrefu zaidi, au aongeze wepesi wa kamera wa kuhisi mwanga. Lakini anayecheza hatulii mahali pamoja, basi tundu ikikaa wazi muda mrefu yeye hutoka katika picha kama moshi. Na wepesi ukizidishwa mno, picha hujaa chengachenga, uso usijulikane. Ndiyo sababu mpiga picha wa usiku alikuwa hana budi kuwasha taa ya kamera, ile imwekayo kama umeme wa mvua. Ilipomweka, ukumbi mzima ulijua. Mwenye kutaka alijifunika, mwenye kukasirika alikasirika, na mpigaji akakaripiwa pale pale. Taa ile, kwa kweli, ilikuwa ni hodi.

Leo hodi hiyo imeondoka. Simu za Google ziitwazo Pixel zilipewa hali ya usiku mwaka 2018, na iPhone zikaipata mwaka 2019, na nyingine nyingi zimefuata. Simu hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, kisha huziunganisha na kuzisafisha, hata mahali ambapo jicho laona kivuli tu, yenyewe hutoa sura. Mchezaji akiwa mbioni bado huweza kutoka na ukungu. Lakini akitua kidogo, akigeuza uso, akicheka na mwenziwe, basi amekwisha chukuliwa, na hapana mwanga uliomjulisha. Ameingiliwa pasi na hodi. Mwanamke aliyevua buibui yake kwa kutegemea milango iliyofungwa, na taa zilizopunguzwa, na wenziwe aliowaamini, amebakiwa na hao wenziwe tu. Vile viwili vya kwanza havimkingi tena.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya an-Naba na katika Sura ya al-Furqan kwamba ameufanya usiku kuwa vazi kwa watu. Tafakari neno hilo. Vazi ni kitu kimfunikacho mtu, na mwenye kumvua mwenziwe vazi pasi na ridhaa yake ni mdhalimu, liwe ni vazi la kitambaa au ni vazi la giza. Na katika Sura ya an-Nur, aya ya 58, tumeamrishwa kwamba hata watoto na watumishi wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia katika nyakati tatu, na moja katika hizo ni baada ya Isha. Ikiwa mtoto wa nyumba ile ile hana ruhusa ya kuingia na macho yake tu, vipi itakuwa kwa aingizaye macho ya mji mzima?

Na sharia ya kuomba ruhusa imewekwa kwa ajili ya nini? Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya nyumba ya Mtume, naye Mtume alikuwa na kitu cha kukunia kichwa mkononi. Akamwambia kwamba lau angalijua kuwa anachungulia, angalimchoma nacho jicho, kisha akambainishia kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya macho. Basi mwenye kusema, "Mimi nilikuwa ndani tayari, nimealikwa," na ajue ya kwamba yeye alialikwa na macho yake mawili. Jicho la tatu alilolichukua ndani ya mkoba halikualikwa.

Najua hoja wanazotoa watu, nazo nitazijibu moja moja.

Kwanza, husemwa: "Mpigaji ni mwanamke, na aliyepigwa ni mwanamke, pana ubaya gani?" Jawabu yake ni hadithi ya Ibn Masud iliyomo katika Bukhari, ambamo Mtume amekataza mwanamke kumsifia mumewe umbo la mwanamke mwingine hata akawa kama anamwona. Hapo ni maneno matupu, na mwenye kusema ni mwanamke. Picha haisemi "kama anamwona". Picha yamwonyesha hasa. Na nani ajuaye picha ile itaonwa na nani? Simu nyingi hunakili picha zenyewe na kuziweka mahali mbali, mwenyewe asijue. Simu huibwa, huuzwa, hupelekwa kwa fundi. Mume huazima simu ya mkewe, na mtoto huichezea. Hata picha za yule mpigaji mwanamke aliyekodiwa, mara nyingine huunganishwa na kutengenezwa na mwanamume asiyejulikana na mtu yeyote katika waalikwa.

Pili, husemwa: "Amekwisha onwa na watu mia tatu ukumbini, nami nimezidisha nini?" Waliomwona aliwaona yeye pia. Walikuwa naye katika hali moja, wamevua kama alivyovua na kucheka kama alivyocheka. Huko ndiko kuaminiana. Na wakitoka wakasahau, kwani Mungu ameijaalia kumbukumbu ya binadamu kuwa ni yenye kufifia, na hiyo ni rehema. Picha haifahamu rehema hiyo. Yaweza kumngojea mtu miaka ishirini, hata akawa ni mama wa watu wazima, ikamtokea siku ambayo hakuitazamia.

Tatu, husemwa: "Wenye arusi wameruhusu." Wenye arusi wana haki juu ya ukumbi wao, chakula chao na sura zao. Hawana haki juu ya sura ya mgeni wao. Mwenye nyumba aweza kukukaribisha ukae juu ya zulia lake, lakini hawezi kumpa mtu kanzu yako. Idhini ni ya mwenye sura, na ukimya wake gizani, hali hajui kwamba anapigwa, si idhini.

Nne, na hii ndiyo hoja iliyonidanganya mimi: "Twazieneza ili kuonyesha munkari, watu wakatazwe." Ewe ndugu yangu mpenda islahi, tuihofu hoja hii kuliko zote, kwani imevaa kilemba cha dini. Imetajwa katika vitabu, na Imam Ghazali ameitaja katika Ihya, kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasia. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye ameasi mara moja, basi Umar ameasi mara tatu: amepeleleza, na Mungu amekataza kupeleleza; ameingia si kwa mlangoni; na ameingia pasi na kutoa salamu. Umar, pamoja na haiba yake na ukali wake, alimwacha. Ikiwa Amiri wa Waumini hakupewa ruhusa ya kupanda ukuta, sisi tumeipata wapi? Na katika Sura ya an-Nur, aya ya 19, wameahidiwa adhabu iumizayo wale wapendao machafu yaenee katika waumini. Mwanamke yule alicheza mbele ya wanawake wa ukumbi mmoja. Aliyelieneza jambo hilo ni nani, yeye au sisi? Islahi haijengwi kwa mali ya wizi.

Tano, husemwa: "Kosa ni lake, angalitulia asingalipigwa." Hapana shaka kujihadhari ni busara, nami nawausia mabinti zetu wasiuamini kila ukumbi, na wajue kwamba dunia ya leo macho yake ni mengi. Lakini mtu akisahau kufunga mlango, uzembe wake haumhalalishii mwizi kuingia. Tumekuwa watu wa kumchapa mwenye nyumba na kumwacha mwizi apite mbele yetu na mzigo begani.

Na jambo la kutahayarisha ni hili, kwamba hata sheria ya nchi, isiyodai kuwa ni wahyi, imelifahamu jambo ambalo sisi wenye Sura ya an-Nur twalibishania. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeifanya sura ya mtu kuwa ni katika habari zake zinazolindwa. Mwaka 2023, ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mtu aliyekuwamo humo pasi na ridhaa yake. Ikiwa anayekwenda mahali pa starehe ana hishima hiyo mbele ya serikali, je, binti wa Kiislamu aliyejistiri kwa milango na pazia hana hishima hiyo mbele yetu?

Basi tufanye nini? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa hapa Mombasa, aliwazoesha watu wa mji huu kuyapima mambo mapya kwa mizani ya dini na akili. Nasi hatusemi simu zitupwe baharini. Twasema haya:

Wenye arusi wasitosheke na kuandika katika kadi ya mwaliko kwamba simu haziruhusiwi. Waweke wanawake waaminifu mlangoni, simu zipokewe kwa nambari na zirudishwe kwa nambari, na asiachwe mtu kwa cheo chake wala kwa ujamaa wake. Mara nyingi mlango hubana wageni, ukawalegezea shangazi na wifi, na picha hutoka kwa hao hao.

Picha za kumbukumbu zikitakiwa, zipigwe kwenye mwanga. Taa zote ziwashwe, itangazwe kwamba sasa ni wakati wa picha, asiyetaka akae kando na anayetaka ajistiri kama atakavyo kuonekana. Kisha kamera ifungwe, iwekwe, na baada ya hapo taa zipunguzwe. Mwanga uwe ndio wakati wa picha, na giza liachwe liwe vazi kama alivyolijaalia Mola wake. Kwa kanuni hii moja hapana atakayedai kwamba hakujua.

Aliyeletewa picha ya namna hii asiitazame na asiipeleke mbele, hata kwa kuuliza, "Ni kweli hii?" Aifute, amwambie aliyemletea afute. Akifanya hivyo ameingia katika bishara ya Mtume, iliyomo katika Muslim, kwamba mwenye kumstiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamstiri duniani na akhera.

Na aliyepiga na kueneza, toba yake haitoshi kwa ulimi peke yake, kwani hii ni haki ya mja. Afute alichonacho, awafuate aliowapelekea mmoja mmoja, na amtake radhi aliyemdhulumu. Ila akihofu kwamba kumfunulia kutamzidishia madhara, basi amwombee dua na kumtaja kwa kheri pale pale alipomvunjia hishima.

Ama yule mzee, nilimwambia, "Mwanao ameibiwa, mzee wangu. Mtu aliyeibiwa hapigwi, hupewa pole." Alilia, kisha akaifuta picha ile mbele yangu. Posa ilikuwa imekwisha vunjika, wala sikuweza kuirudisha, ingawa nilikwenda kuzungumza na wale watu. Waliniambia kwa adabu kwamba wao hawana ubaya naye, illa watu wamekwisha ona. Nilipotoka mlangoni kwao neno lile lilinifuata hadi msikitini: watu wamekwisha ona. Nikakumbuka kwamba mwanamke yule wa chakacha niliyemtazama katika simu ya vijana, naye ana baba yake, na mimi ni mmoja katika hao watu.

Ewe Mola wetu, tustiri aibu zetu, tusamehe tulichokitazama pasi na haki, na utujaalie tuwe wenye kuzichunga amana za wenzetu, mchana na usiku. Amin.

Wallahu aalam.